Saa Isiyobonyezwa

"Kitendawili!"

"Tega."

"Nyumba yangu ina vyumba sitini na vinne, na hakuna hata kimoja chenye mlango."

Mzee Ambakisye Mwaisumo alicheka mpaka mabega yakamtikisika. "Hicho umemtegea mtoto au umenitegea mimi? Ubao wa sataranji, fundi. Si huu hapa mbele yetu?"

"Haya, umepata. Tega na wewe."

Mzee akafumbua mdomo, kisha akaufumba. Akatazama juu kwenye dari kama mtu aliyeweka kofia yake huko. "Nilikuwa nacho," akasema. "Asubuhi wakati nanawa uso nilikuwa nacho kabisa."

"Basi nipe mji."

"Chukua Tukuyu yote, pamoja na mvua yake."

Tusajigwe akacheka naye, lakini kicheko hakikushuka hadi tumboni. Miaka minne sasa walikuwa wakicheza sataranji pamoja, na Mzee Mwaisumo alikuwa hajawahi kumpa mji. Mpima ardhi yule alijua mawe yote ya mipaka kutoka Kiwira hadi Masoko. Vitendawili alikuwa navyo kama mtu mwingine anavyokuwa na kuku, huvihesabu asubuhi na jioni, na hakipotei hata kimoja.

Ukumbi ulikuwa ghala la zamani la kiwanda cha chai. Tusajigwe alifanya kazi humo miaka thelathini na mbili, akitengeneza mashine za kukaushia majani, na mpaka leo akivuta pumzi kwa nguvu alinusa chai ukutani. Sasa palikuwa na meza nane nyeupe zenye masikio. Watu waliziita hivyo, meza zenye masikio, kwa sababu zilisikia kila neno lililosemwa karibu nazo na kuona kila mkono uliosogea juu yazo.

Bupe, binti wa Ofisi ya Wazee, alikuwa akipita kwenye viti vya watazamaji na birika. Akafika kwa Anyosisye, dada mkubwa wa Tusajigwe.

"Bibi, nikumiminie ya sukari au isiyo na sukari?"

Anyosisye aliinamisha shingo kidogo upande wa kola, pale kilipobandikwa kifungo cha rangi ya fedha, kidogo kama cha shati. Akasikiliza. "Isiyo na sukari," akasema kwa furaha, kama mtu aliyeletewa habari njema.

Hicho kifungo ndicho kilichoitwa mlezi. Kilimnong'oneza mvaaji peke yake: meza kidonge, usivuke barabara bado, usisaini, zima jiko, kalale. Ukishabandikwa hakitoki. Na tuseme ukweli, Anyosisye alikuwa amenenepa, na presha yake ilikuwa imetulia kuliko ya Tusajigwe. Lakini mwezi uliopita Tusajigwe alimuuliza wimbo gani walikuwa wakiimba wakichuma chai walipokuwa wasichana, na dada yake akainama kwenye kola, akasubiri. Kifungo kikamshauri wazungumze mambo mengine. Wakazungumza mambo mengine.

Kila aliyetimiza miaka sabini alibandikwa mlezi, isipokuwa athibitishe kwamba akili yake bado inatembea yenyewe. Njia za kuthibitisha zilikuwa chache, na sataranji ilikuwa mojawapo. Ukipata pointi tano katika michezo saba unapewa hati ya miaka mitano, na hukai tena kwenye meza zile mpaka hati iishe muda wake. Ukikosa pointi, unabandikwa. Na hata ukizipata, ukikumbushwa mara tatu jambo ulilosahau mezani, unabandikwa vilevile.

Huu ulikuwa mchezo wa saba. Tusajigwe alikuwa na pointi nne, kwa hiyo sare isingemfaa kitu. Ilikuwa lazima ashinde, na ashinde kwa vipande vyeusi. Mzee Mwaisumo alikuwa ameshapata tano zake. Ila alikuwa amekumbushwa mara mbili.

* * *

Mzee akasukuma askari wa mfalme hatua mbili. Akabonyeza saa. Tusajigwe akasogeza askari wake hatua moja tu, kwa adabu, akabonyeza.

"Kifaransa tena?" Mzee akanong'ona.

"Mimi ni mtu wa kizamani."

Ulikuwa Ulinzi wa Kifaransa, tena kwa njia yake ya kale, ile ambayo farasi wa mfalme hutoka mapema kumchokoza mweupe. Tusajigwe aliupenda kwa sababu ulifanana na mashine ya kukaushia chai. Huwezi kuiharakisha. Mweupe anakuja na askari wake mpaka katikati, anamfukuza farasi wako, anajitanua kama mwenye shamba, na wewe unarudi nyuma unanyamaza. Kisha unaanza kuchimba chini ya askari wake mmojammoja. Tatizo lake ni askofu mmoja mweusi, yule wa upande wa malkia, anayebaki nyuma ya askari wake mwenyewe kama mkwe mgeni aliyesahauliwa jikoni.

Wakaenda hivyo mpaka zamu ya kumi na moja. Mvua ilipiga mabati. Mzee akamweka ngome wake mahali pazuri, akakunja mikono mapajani, akatabasamu.

Tusajigwe akasubiri abonyeze.

Hakubonyeza.

Saa ya mzee iliendelea kutembea. Yeye mwenyewe alikuwa akimtazama Tusajigwe kwa upole, kama mtu aliyemaliza zamu yake na kumwachia mwenzake. Sekunde ishirini zikapita. Kwenye ukingo wa meza ukatokea mstari mwembamba wa manjano, ukaanza kuzunguka kuelekea wekundu. Kila mtu aliujua mstari ule. Ungekuwa mwekundu dakika moja ikitimia, na meza ingeandika kwamba mtu huyu amesahau, ikamkumbusha kwa sauti yake ya kengele, na hiyo ingekuwa mara ya tatu.

Tusajigwe akinyamaza, mzee atabandikwa. Akisema "bonyeza saa," meza itasikia, nayo itahesabu kukumbushwa. Hata kukohoa kulihesabiwa. Katika mchezo wa nne mtu mmoja wa chama cha ushirika alikohoa kwa mafua yake tu, na mwenzake akaandikiwa.

Sekunde thelathini na tano.

Ndipo akaona jambo ambalo vijana waliotengeneza meza zile hawakuliona, kwa sababu vijana hawajawahi kukaa na mtu anayesahau. Saa ya mzee ilikuwa inatembea. Basi kama yeye angecheza sasa hivi, bila kugusa saa, zamu ingekuwa ya mzee, na saa inayotembea ingekuwa ya mzee. Kila kitu kingekuwa mahali pake. Meza isingekuwa na la kuandika.

Akanyoosha mkono akamsukuma askari aliyekuwa mbele ya ngome wake hatua moja. Hakuwa amefikiri vya kutosha. Akarudisha mkono mapajani.

Mstari wa manjano ukafifia, ukapotea.

Mzee akainua nyusi. "Una haraka leo," akanong'ona.

"Sufuria iko jikoni," Tusajigwe akajibu, na papo hapo akajiuma ulimi, kwa kuwa halikuwa neno la kumwambia mtu yule. Mwaka jana nyumba ya jirani yao, mzee mwenye hati nzuri kabisa, iliteketea kwa sababu ya jiko. Mwenyewe alitolewa dirishani na vijana wa msikiti wa jirani. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kusema walezi ni vifungo vya bure.

Zamu ya kumi na nne mzee akasahau tena. Tusajigwe akajibu baada ya sekunde kumi. Zamu ya kumi na saba, tena. Safari hii mzee alimla askari wa katikati wa Tusajigwe, naye Tusajigwe akajibu kwa ngome kabla mstari haujaonekana. Hapo katikati mzee alibonyeza kama kawaida, akafikiri, akacheza vizuri mno, kama mtu ambaye akili yake haina kovu. Hilo ndilo lililomchanganya Tusajigwe. Mtu anaweza kukumbuka njia kumi mbele za farasi na akasahau kitufe kilicho karibu na kidole chake.

Watazamaji wakaanza kunong'onezana kwamba fundi leo anacheza kama anayekimbiza gari. Alikuwa na dakika hamsini kwenye saa yake, hazijaguswa. Mzee alibaki na kumi na moja.

Kisha ikaja zamu ya ishirini na mbili.

Mzee alimrudisha malkia wake kumlinda mfalme, akakunja mikono. Hakubonyeza. Na pale ubaoni, ghafla, kukawa na mlango.

Ngome mweusi alikuwa anatazamana na farasi mweupe anayemlinda mfalme. Angeweza kumla. Askari aliye mbele ya mfalme angemla ngome, na Tusajigwe angekuwa ametoa kipande kikubwa kwa kidogo. Lakini ukuta wa mfalme ungepasuka, farasi wake mweusi angeingia katikati, na kisha labda, labda, yule askofu wa jikoni angepata njia. Au isingekuwa hivyo, na angekuwa amejinyonga mwenyewe. Lilikuwa jambo la kukaa nalo dakika ishirini. Dakika alikuwa nazo. Alichohitaji ni kunyamaza tu, kuzitumia, na mstari uzunguke.

Manjano ikatokea.

*Unamsaidia*, akajiuliza, *au unamficha?* Aliona sufuria, moshi, dirisha. Aliona pia shingo ya dada yake ikiinama. Kama mzee huyu anahitaji mlezi, yeye ni nani wa kumzuilia? Na kama hahitaji, yeye ni nani wa kumbandika kwa kukaa kimya? Miaka yake sabini haikuwa imemfundisha hilo. Akajisemea kwamba maswali mengine hayajibiwi kwa sekunde hamsini, na lile halikuwa la kujibiwa na meza.

Lakini lile la ngome lilitaka jibu sasa hivi.

Ukingo wa meza ulishaanza kuiva rangi ya machungwa. Tusajigwe akamshika ngome, akamla farasi.

Ukumbini mtu akasema "Mamaa!" kwa sauti, na Bupe akamnyamazisha.

Mzee akakaa wima. Akatazama. Akamla ngome, na safari hii akabonyeza saa kwa nguvu, kama aliyeamshwa. Tusajigwe akapata dakika zake. Akatumia kumi na mbili nzima akipekua kila njia, na kila alipofika mwisho alikuta mlango bado uko wazi. Farasi akaruka katikati. Malkia mweupe akakimbia. Halafu Tusajigwe akamsogeza hatua moja yule askari wa mfalme aliyekuwa amekaa palepale tangu hatua yake ya kwanza, askari mdogo asiyetazamwa na mtu, na njia yote ya mshazari ikafunguka nyuma yake. Askofu aliyekuwa amefungiwa siku nzima akateleza toka upande mmoja wa ubao mpaka mwingine, akasimama mlangoni kwa mfalme.

Mzee Mwaisumo alilitazama jambo lile kwa muda mrefu. Uso wake ulionyesha raha tupu, kama mtu aliyepikiwa chakula kizuri na adui yake.

"Nikisogea kona, malkia anakuja kunifunga," akasema.

"Ndiyo."

"Na nisiposogea?"

"Anakuja vilevile."

Akamlaza mfalme wake taratibu. Ukumbi ukapiga makofi, na Anyosisye akapiga kuliko wote, bila kuuliza kola.

* * *

Desturi ya ukumbi ule ni kwamba aliyeshindwa ndiye anayemimina chai, kisha wawili wanakaa na ubao mdogo wa mbao kuurudia mchezo wao toka mwanzo. Wakaketi kwenye benchi la baraza, mbali na meza zenye masikio. Mvua ilikuwa imepungua. Mzee akamimina bila tone kudondoka, akapanga vipande, na mikono yake ikaurudia mchezo wote bila kosa. Akasimama kwenye zamu ya kumi na moja.

"Hapa ulijibu kabla sijabonyeza."

"Wapi?"

"Usinifanye mtoto, fundi." Hakuwa na hasira. "Ulipomla farasi wangu nilishtuka, nikaitazama saa. Yako ilikuwa na dakika hamsini. Tangu lini Tusajigwe Mwakitalima akacheza Kifaransa bila kutumia dakika? Nikaanza kurudi nyuma kichwani. Mara ngapi?"

"Nne."

"Nne." Akanywa chai. "Ungenyamaza ungeshinda mapema."

"Nilitaka nikushinde wewe. Saa yako niishinde ili iweje?"

Mzee akacheka kidogo, halafu kicheko kikaisha. "Sasa niambie kama dada yangu. Umenisaidia, au umenificha?"

"Sijui, kaka. Jiko unazima?"

Mzee akamzungusha farasi vidoleni. Kuku mmoja akapita barazani akikung'uta maji.

"Mwezi wa pili maharage yaliungua mpaka sufuria ikatoboka," akasema mwisho. "Niliizika nyuma ya migomba, watoto wangu wasiione."

"Mara hiyo moja?"

"Na ya pili. Ile nayo niliizika." Akamtazama kwa pembe ya jicho. "Nyuma ya migomba yangu sasa kuna makaburi mawili."

Tusajigwe hakutegemea kucheka, lakini alicheka, na mzee naye, mpaka chai ikamwagika. Kisha wakatazama matone yakidondoka kutoka kwenye bati.

"Mimi siogopi kuambiwa," mzee akasema. "Wewe ukiniambia zima jiko, nitazima. Nitakutukana, lakini nitazima. Ninachoogopa ni kifungo kinachojua peke yake, mimi nikabaki wa kuinamisha shingo."

"Basi jioni nitakuwa napita."

"Kila jioni?"

"Si njia yangu ile? Nitapiga hodi, niulize jiko na vidonge. Ila na watoto wako utawaonyesha hizo sufuria."

Mzee akatia uso mzito, akafikiri sana, kuliko alivyofikiri zamu yoyote siku ile. "Nitawaonyesha moja," akasema.

"Zote mbili."

"Haya. Zote."

Bupe akatokea mlangoni na kishikwambi chake, uso umemng'aa. "Shikamooni."

"Marahaba, mwanetu."

"Hongereni! Bibi Tusajigwe, pointi tano kamili. Babu Mwaisumo, tano, na leo meza haikuandika kitu. Wote mna hati ya miaka mitano. Wekeni dole gumba hapa nami nifunge kazi, nimechoka kumimina chai."

Mzee akanyoosha kidole, kikabaki hewani juu ya kioo.

"Niandikie mwaka mmoja."

"Babu?"

"Mwaka mmoja. Leo nimesahau kubonyeza saa mara nne."

Bupe akatazama kishikwambi, akamtazama Tusajigwe, akarudi kwa mzee. Akashusha sauti. "Babu, sheria inahesabu kukumbushwa. Haihesabu kusahau."

"Ndiyo maana nahesabu mwenyewe."

"Lakini hakuna aliyewahi kuomba apunguziwe! Hapa hakuna hata mahali pa kuandika."

"Andika pembeni."

"Kishikwambi hakina pembeni, babu."

"Basi kimetengenezwa vibaya. Karatasi zote nilizopimia ardhi zilikuwa na pembeni, na mambo ya maana yote yaliandikwa pale."

Bupe akazuia kicheko kwa mkono. Akasogea kando akapiga simu ofisini, akaeleza, akarudia kueleza, akasema "ndiyo mkuu, ameomba mwenyewe, ana akili timamu, ndiyo kwanza ananipa darasa." Wale wawili wakamsubiri. Ofisi ingeweza kusema mpime upya leo hii. Ofisi ingeweza kusema lolote. Tusajigwe akauweka mkono wake juu ya wa mzee, mbele za watu, bila kujali.

Bupe akarudi. "Wamekubali. Wamesema niandike 'kwa ombi lake.' Mwakani uje ucheze tena michezo saba."

Mzee akashusha pumzi ndefu, akaweka dole gumba. Kishikwambi kikalia.

"Haya bibi, sasa wewe. Mitano yako."

Tusajigwe akaitazama ile tano. Aliitaka tano ile tangu siku dada yake alipobandikwa. Aliihangaikia michezo saba, na leo aliipata kwa kichwa chake mwenyewe, kwa sekunde hamsini, na hakuna ambaye angeweza kumnyang'anya furaha hiyo. Miaka mitano bila kuulizwa na mtu.

"Niandikie mmoja," akasema.

"Bibi, wewe umeshinda!" Bupe karibu alie. "Wewe hukusahau kitu!"

"Nimeshinda, tena vizuri. Ila mwenye mitano haruhusiwi kukaa kwenye meza zenu. Mwakani huyu mzee akija hapa na mkono wake huo unaosahau saa, mtamkalisha na nani?"

Mzee Mwaisumo akageuka upande wa mvua, akajifanya anatafuta kitu mfukoni. "Mwakani vyeusi ni vyangu," akasema bila kugeuka.

"Hivyo utaniomba vizuri kwanza."

Bupe akawatazama wote wawili, kisha akafuta tano, akaandika moja.